Kaka, dogo anahitaji mshenga na mshenga ni wewe

Assalaam alaykum kaka,

Za Dodoma? Shemeji na watoto wazima? Huku wote wazima, bi mkubwa anakusalimia na anasema zile karanga bado anazisubiri. Fundi kahamia Chanika, sa hivi hata kumuona ni mpaka misiba. Najua tumekaa kimya muda mrefu, kila mtu na mihangaiko yake, ila leo sijakuandikia salamu. Nina shida na wewe na ni ya haraka.

Dogo anataka kuoa. Ni yule yule binti wa Sinza, hakuna mwingine, hajawahi kuwepo mwingine. Barua ya posa ilipelekwa na babu wa msikitini, wakaipokea vizuri tu, wakajibu, sasa kikao cha kuongea mambo ya mahari ni Jumamosi ya wiki ijayo baada ya alasiri na babu presha imempanda, wanae wamemchukua wamempeleka Kibiti. Kwa hiyo hatuna mshenga. Mimi sifai, umri wangu na wa dogo ni mmoja, nikifungua mdomo pale watasema watoto wanacheza. Wewe una familia, unaongea watu wanasikiliza, halafu yule mjomba mkubwa wa binti si ndo yule mliokuwa nae stendi ya Ubungo enzi zile kabla stendi haijahamia Mbezi? Dogo kaniambia mzee bado anakutaja.

Ngoja nikueleze hali ilivyo maana ukiambiwa juu juu utaona ni harusi tu kama harusi nyingine.

Binti mwenyewe kasema mahari yake: msahafu, cherehani na laki 3. Basi. Yeye ndo mwenye haki ya kutaja na kataja kitu ambacho anajua mwenzake anakiweza, nilivyosikia nilimpenda huyu shemeji kuliko siku zote. Ila nyuma ya hapo familia imeleta karatasi. Kilemba cha baba, mkaja wa mama, shangazi, wajomba, begi la bi harusi, ukijumlisha inafika milioni 2 na laki 6 nje ya mahari. Hiyo ni karibu bei ya pikipiki mpya kaka. Na mi naamini kabisa wengi kwenye ile familia hawana ubaya, baba mtu ni mstaarabu, ila yule shangazi ndo alishasema toka mwanzo "sisi hatuozi Tandale" na nahisi hiyo karatasi kaishika yeye kalamu.

Hatuozi Tandale! Kati yao na sisi si ni Mto Ng'ombe tu hapo katikati, unavuka kwa mguu. Ila wao babu yao alipata kiwanja kilichopimwa miaka ya 70, huku kwetu kila mtu alijenga alipopata uwazi, basi hiyo tu imetosha watu kuonana ni wa nchi mbili. Wewe unakumbuka kile chumba cha mama yake dogo, mvua za masika maji yanaingia mpaka wanapandisha godoro juu ya meza, dogo anakuja kulala kwetu na madaftari kwenye mfuko wa rambo. Sa hivi mto wameujengea kingo, barabara za lami zimeingia mpaka ndani kwa ule mradi wa DMDP wa kuboresha miundombinu ya Dar, taa zipo, ukija utashangaa. Ila midomo ya watu ndo haijajengewa kingo.

We uliondoka kabla hujaona haya ya dogo kwa hiyo acha niseme, maana Jumamosi wewe ndo utayasema pale mbele. Ulimuacha anabeba magunia soko la Tandale. Akatoka hapo akafungua meza ya mitumba pembeni ya Morogoro Road upande wa Manzese, ikaanza kumlipa, Oktoba 2021 machinga wote wakaondolewa barabarani, akapelekwa eneo ambalo mteja hafiki, mtaji ukaliwa wote. Hapo ndo akachukua pikipiki ya mkataba. Elfu 10 kwa siku, uugue usiugue, inyeshe isinyeshe, kadi anakaa nayo tajiri mpaka umalize. Unajua wangapi wameishia njiani kwenye hiyo mikataba, umebakiza mwezi mmoja pikipiki inaibiwa au bosi anageuka, mwaka na kitu unakuwa umemfanyia mtu kazi bure. Dogo alimaliza. Kwa zaidi ya mwaka sijamuona akikaa kwenye sherehe hata ya ndugu yake, anakuja anaacha kabahasha chake anaondoka.

Na binti alimpata humo humo, alikuwa anampeleka chuo asubuhi. Anasomea famasi. Dogo miezi mingi hakumwambia kitu, anamfikisha anamwambia siku njema anaondoka, mi nilikuwa namuuliza hivi wewe unasubiri nini, ananijibu "nasubiri niwe na la kumwambia." Alivyomaliza mkataba na kadi imesoma jina lake ndo akamwambia. Binti kumbe nae alikuwa anasubiri.

Sasa sikiliza hii. Siku ya kwanza baba mtu alivyomuita akamuuliza swali moja tu, umesoma mpaka wapi? Dogo akasema ukweli, la saba. Mzee hakumtukana wala nini, akasema tu "haya." Dogo akatoka pale akaenda kujiandikisha masomo ya jioni, afanye QT, ule mtihani wa kukuruhusu kufanya form four kama hukusoma sekondari. Kitabu cha baiolojia kinakaa chini ya siti ya pikipiki, akiwa kijiweni anasoma, wenzie wakawa wanamuita profesa, akifika mteja anafunga kitabu anawasha. Akafanya mtihani na akafaulu, sa hivi anajiandaa na form four kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Binti mwenyewe alimwambia mi sijakuuliza vyeti. Yeye kasema hapana, mzee aliuliza na siku nyingine akiuliza nataka niwe na jibu.

Na leseni anayo, bima anayo, kapanga chumba na sebule Mabibo, luku yake mwenyewe, kodi kalipa miezi sita. Juzi kati kanunua pikipiki ya pili, iliyotumika, kampa kijana mmoja wa kule kwetu anamletea hesabu ya 8,000. Na hajamfunga mkataba wa kumnyonya, kamwambia ukitunza chombo mwakani tunaongea.

Watu wa mtaani wanasema dogo kajinyima yote haya kwa ajili ya demu, wanasema kama vile ni aibu. Hata kijiweni wapo wanaosema mwanaume apande kwa ajili yake mwenyewe. Mi kaka hapo nakataa na nitaendelea kukataa. Mtu aliyelala na njaa toka mdogo hafiki popote kwa kujiwazia mwenyewe, ameshazoea yeye kukosa, anaweza kukosa maisha yake yote na asione ajabu. Dogo alizoea. Siku alipopata mtu ambaye hataki akose, ndo akaanza kukataa na yeye kukosa. Sasa hilo ni la kumcheka? Na kitu kingine, ukisema unatoka Tandale watu wanakutajia Diamond, kama vile mlango wa kutokea huku ni mmoja tu, uimbe. Diamond tunamheshimu, katoka hapa hapa na hajapakataa. Ila wapo wanaotoka kwa elfu 10 elfu 10 na hakuna anayewapigia makofi.

Narudi kwenye shida yenyewe maana naona naandika naenda mbali.

Dogo ana kama milioni na laki 4 mkononi, hapo na mahari imo. Iliyobaki anataka kwenda kukopa kausha damu. Kuna watu wana kiofisi mtaani, hawana leseni wala kibao, wamemwambia tunakupa milioni 1 na laki 5, unarudisha milioni 2 na laki 1 ndani ya siku 60, na unaacha kadi ya pikipiki. Piga hesabu hapo, ni 35,000 kila siku. Dogo siku ikiwa nzuri, ametoa mafuta, anabaki na elfu 25, ongeza 8,000 ya yule kijana, ni 33,000, hajala, mke hajala, tairi halijachoka, trafiki hajamsimamisha. Haifiki! Siku ya kwanza tu ya ndoa tayari anadaiwa asichokuwa nacho. Wakichukua ile pikipiki wamemrudisha soko la Tandale kubeba magunia, safari hii na mtoto wa watu pembeni.

Nimemwambia. Kanijibu "siwezi kwenda pale nikaonekana napunguza bei ya mtoto wa watu." Sa mimi nifanye nini? Haombi punguzo kwa binti, kwa binti analipa kila kitu na anaongeza. Kinachotakiwa ni mtu mzima aingie pale aseme kwa adabu kwamba mahari tumeileta yote kama bi harusi alivyosema, kilemba na mkaja tunavitambua na tutavitoa, ila vingine tuviongee, na kama ni lazima tupewe muda. Mkopo wa halmashauri wa asilimia 10 nao nimeufikiria, hauna riba, ila ule ni wa vikundi na ni wa biashara, ukiingiza harusi humo mmewaponza wenzenu wote wa kijiweni. Hata sheria ya ndoa ya 1971 inasema ndoa haiwi batili kisa mila za mahari hazijatimizwa, ila hiyo usiitaje kaka nakuomba, tukianza kutaja sheria pale ukumbini shangazi atapata anachokitafuta. Binti anataka baba yake ndo amuozeshe, kwa radhi, na dogo anataka hivyo hivyo.

Mi nina laki 2 nitamuongezea, nimeshamwambia bi mkubwa. Fundi kaahidi makochi. Mama mtu yeye anauza vitumbua vyake na kaanza kuweka kwenye kibubu, kasema hela ya khanga za mkwe haigusi mtu.

Sasa niambie, Jumamosi ya wiki ijayo unaweza? Ruhusa kazini utapata? Ukipanda SGR asubuhi mchana upo Dar, daraja la kawaida ni 31,000, nikukatie mimi? Namba ya yule mjomba bado unayo, na unaonaje ukimpigia kabla ya kikao mkaongea wawili tu? Ukimuomba muda kwa hivyo vingine unadhani miezi sita atakubali au tuanze na mwaka ili washuke? Na kanzu unayo au nikuandalie ya hapa? Shemeji nae kama anaweza kuja naomba aje, wanawake wa kule wakiona tuna mwanamke mtu mzima upande wetu shangazi atapunguza sauti.

Jambo moja, dogo hajui kama nimekuambia habari ya mkopo. Kasema Jumatatu anaenda kusaini. Kwa hiyo ukiisoma hii tu mpigie, mwambie upo, mwambie asisaini kitu mpaka mmeonana. Mimi ananibishia, wewe hatakubishia.

Nijibu hata usiku wa manane, simu iko hewani.

Wasalaam,
Ndugu yako wa Kwa Mtogole