Kabla hujalipia likizo ya melini, fungua pasipoti yako kwanza

Kwa Mhariri,

Nimeisoma ile makala yenu ya majuzi ya kusifia likizo za meli kubwa za kitalii, mabwawa ya kuogelea juu ya deki, bufe ya mchana na usiku, sinema, na sikatai, yote hayo yapo, nimefanya kazi humo ndani miaka mingi nikitandika vitanda na kusafisha kebini za watu mpaka mgongo ukaniambia basi rudi Mombasa. Lakini huyo mwandishi wenu ameandika utadhani kila msomaji wa gazeti hili ana pasipoti ya Ujerumani. Mtu wa kwetu akilipia safari kwa kuisoma makala ile pekee anaweza kuishia kuitazama meli kwa nje, na hao nimewaona, mama wa watu na kofia yake ya jua kichwani, sanduku limeshafungwa tagi ya namba ya kebini, anaitwa pembeni pale kaunta anaambiwa samahani hupandi. Na pesa hairudi.

Nasema hivi kwa sababu siku hizi wazee wengi wanapelekwa na watoto wao walioko Texas au Uingereza, mtoto amejikusuru amekata tiketi ya kuwafurahisha, alafu kuna na maofisi hapa mjini yanauza pakeji za Mediterania kwa picha nzuri nzuri, ukiuliza habari ya visa unaambiwa tu usijali, tutaangalia.

Wewe jali. Meli ikienda bandari iliyo nje ya eneo la visa yako, wewe umetoka, na ikirudi unahesabiwa umeingia upya. Ukipanda Barcelona ukapita Marseille na Genoa ukarudi Barcelona, hapo hujatoka eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, lakini safari nyingi za Mediterania zinachomoka kidogo zikaenda La Goulette kule Tunisia, au Kuşadası Uturuki, au Kotor iliyoko Montenegro, na zote hizo si Schengen. Sasa itazame stika ya visa yako pale palipoandikwa idadi ya kuingia. Ukiona 01 ujue umepewa kuingia mara moja na basi, unachotaka wewe ni MULT. Marekani nako mambo ni yaleyale, ukiondoka Miami au Galveston ukaenda kuogelea Bahamas, siku ya kurudi unakutana na uhamiaji, na kama visa yako ilikuwa ya kuingia mara moja ushaitumia uwanja wa ndege siku uliyofika. Wamarekani wenyewe wanaruhusiwa kupanda kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho kama meli inatoka na kurudi bandari moja, kwa hiyo jirani wa mtoto wako akikwambia huko hakuna haja ya pasipoti, anasema kweli, ila anajisemea yeye. Hata mwenye grinikadi asilale, kuna nchi zinatazama pasipoti yako ni ya wapi kabla ya kutazama hiyo kadi. Na wale wa kupandia Southampton, kama meli inakwenda Uhispania au kwenye fiodi za Norwei, zile ghuba nyembamba kati ya milima, basi ni visa mbili, ya Uingereza na ya Schengen.

Ukipewa orodha ya bandari, chukua moja moja uulize, na majibu uyatake kwa maandishi. Kwenye mkataba wa tiketi, yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma, kampuni za meli huandika kwamba makaratasi ni jukumu la abiria mwenyewe, kwa hiyo yule ajenti wako aliyekwambia usijali hayumo kabisa kwenye hesabu. Pasipoti iwe na miezi sita mbele kuanzia siku ya kumaliza safari. Na kile kitabu cha manjano cha chanjo kitie kwenye mkoba, Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano na baadhi ya visiwa vya Karibea wanakiulizia.

Mwenye mimba pia asome vizuri kabla hajalipa. Kampuni nyingi hazikubali mama atakayefikisha wiki 24 kabla safari haijaisha, hata awe na nguvu kama simba, na mtoto mchanga wanataka awe ametimiza angalau miezi sita, safari ndefu ndefu wanataka mwaka.

Kingine ni muda. Meli si matatu ya Likoni isubiri ijae. Kaunta hufungwa saa nzima kabla ya meli kuondoka, nyingine zaidi ya hapo, kwa sababu orodha ya abiria lazima iwe imeshapelekwa kwa serikali ya hapo. Sasa mtu anatoka Mombasa, anaunganisha Nairobi, anaunganisha Doha, anapanga kufika asubuhi ya siku ileile ya kupanda, ndege ikichelewa Nairobi hesabu yote imeharibika. Fika siku moja kabla, lala hoteli hata ya bei ya chini, chumba cha usiku mmoja ni rahisi kuliko kuifukuzia meli kwa ndege mpaka bandari ya pili, tena huko napo pengine visa huna.

Na msidanganyike na majina ya miji kwenye tangazo. Wanaandika Roma, meli inafunga Civitavecchia, ni safari ya treni ya kama saa moja. Wanaandika Paris, mnashushwa Le Havre, kilomita karibu 200, yaani siku nzima inaishia kwenye basi mnafika kuutazama mnara wa Eiffel kidogo na kugeuza. London ni Southampton, Florence ni Livorno au La Spezia. Venice ndiyo kabisa, tangu Agosti 2021 Italia imezipiga marufuku meli kubwa kupita ule mfereji wa Giudecca mbele ya mji, nyingi zimehamishiwa bandari nyingine kama Ravenna na Trieste. Santorini hakuna gati ya meli kubwa, mnashushwa kwa mashua ndogo kwa foleni, alafu mjini ni juu ya jabali, mnapanda kwa gari la kamba au kwa ngazi zaidi ya 500, na mama mwenye magoti mabaya hilo alijue mapema kabla hajafika chini pale.

Ukishuka, saa yako ibaki kwenye saa ya meli. Simu inajibadilisha yenyewe ikishika mtandao wa nchi kavu, na kuna mahali meli haifuati saa ya mji, mtu anadhani ana saa nzima ya kununua vikuku kumbe ngazi inavutwa. Tulikuwa tunasimama deki ya chini kuwaangalia wanaokimbia gatini na mifuko ya zawadi, wengine wanashangilia kama mpira, lakini mimi sikuwa nacheka sana kwa sababu nilijua kinachofuata. Abiria asiporudi, ofisa na mlinzi wanakuja kwenye kebini, sefu inafunguliwa, pasipoti inatolewa, wanampa ajenti wa bandari amkabidhi mwenyewe akitokea, na meli inang'oa. Nguo zake zote zinaendelea na safari. Ushauri wangu, mahali pa mbali kama Roma lipieni ziara ya kampuni ya meli hata kama ni ghali, basi lao likichelewa meli inasubiri au wanabeba wao gharama ya kukufikisha. Mahali ambapo mji uko hapohapo mbele ya gati, tembea kwa miguu yako na pesa ubaki nayo.

Sasa mizigo. Sanduku kubwa unalikabidhi gatini na linaweza kufika mlangoni kwako jioni meli imeshaondoka, kwa hiyo dawa za presha na sukari, makaratasi, chaja na nguo ya kubadilisha ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Plagi zetu za pini tatu meli nyingi haziingii, matundu ni ya Kimarekani na ya Ulaya, beba adapta. Ekstensheni zenye kifaa cha kuzuia umeme kuruka wanazikamata, pasi wanaikamata, na ile hita ya kuchovya kwenye kikombe kuchemsha chai ndiyo kabisa. Na kina mama wa pwani nawaomba, udi na ubani na chetezo acheni nyumbani, moto melini ndio kitu wanachokiogopa kuliko vyote, kila kebini ina kifaa kinachonusa moshi. Wanarudisha mwisho wa safari vitu vingi walivyokamata lakini si vyote. Viazi karai na maandazi ya kupika nyumbani hayapiti.

Kwa wanaotaka halali, andikieni kampuni wiki kadhaa kabla, alafu ukipanda tu siku ya kwanza kamtafute mkuu wa wahudumu wa mgahawa umkumbushe kwa mdomo, usingoje mpaka mezani. Kwenye bufe uliza, kwa sababu vipande vya nguruwe vinatiwa hadi kwenye maharage na saladi. Kibla kinawasumbua wengi maana meli inageuka, lakini televisheni ya kebini ina chaneli inayoonyesha ramani na upande ambao meli inaelekea, ukiitazama hiyo kabla ya kutandika mswala unapata upande bila mtandao.

Bei ya kwenye tangazo, kwanza, ni ya mtu mmoja katika kebini ya watu wawili, ukienda peke yako mara nyingi unalipia karibu nafasi zote mbili. Juu yake kuna tipu ya kila siku, meli nyingi za Marekani ni kati ya dola 16 na 20 kwa kichwa, mtoto yumo. Soda, juisi ya chupa na kahawa nzuri ni za kulipia na wanaongeza asilimia 18 hadi 20 juu. Wai-fai ya kulipia. Simu itie flaiti modi kabla meli haijaondoka, la sivyo inashika mtandao wa setilaiti wa meli na ujumbe mmoja wa picha za harusi kutoka grupu la ukoo unakuletea bili ya ajabu. M-Pesa huko haijulikani. Kadi ya benki ya kawaida ukiiacha pale mapokezi wanashikilia pesa kila siku, zinakaa zimefungwa hata baada ya safari, kama una kadi ya krediti toa hiyo.

Kuhusu tipu nina upande na sifichi. Kuna abiria wanakwenda mapokezi siku ya pili kuomba iondolewe, wanajiona wajanja. Ile ndiyo sehemu kubwa ya mshahara wa yule Mfilipino au Mhindi au kijana wa Kisauni anayekukunjia taulo umbo la tembo, mshahara wenyewe wa msingi ukiusikia utakaa kimya. Kama huduma ni mbovu lalamika, mkuu wake atakuja, lakini usiiondoe kwa sababu tu inaondoleka.

Mtu akiugua, zahanati ya melini ni ya kulipia na inatozwa kwenye kadi yako, na kupelekwa hospitali kwa helikopta ni pesa ya kuuza shamba. Bima ya visa ya Schengen lazima ifikie euro 30,000, lakini soma kama inafika baharini na kama inalipa kusafirishwa. Wanaoogopa kichefuchefu chukueni kebini ya katikati ya meli na deki ya chini, mwendo huko ni mdogo, na dawa umeze kabla hujaanza kuhisi, tangawizi nayo inasaidia. Mikono nawa kwa sabuni na maji kabla ya bufe, ile dawa ya kupulizia mikono pale mlangoni haiwawezi vizuri virusi vya noro, na hao ndio wanaowalaza watu kebinini siku mbili tatu wakiharisha.

Zoezi la dharura siku ya kwanza usilikimbie. Januari 13, 2012 Costa Concordia ilipogonga mwamba kisiwani Giglio kulikuwa na mamia ya abiria waliopanda siku ileile Civitavecchia ambao zoezi lao lilikuwa limepangwa kesho yake. Walikufa watu 32. Baada ya hapo sheria ya kimataifa ikabadilishwa, zoezi lifanyike kabla ya kuondoka au papo hapo mkiondoka. Honi fupi saba na moja ndefu, ukisikia hivyo nenda kituo chako, namba yake imeandikwa kwenye kadi ya kebini, na lifti usiguse.

La mwisho ni usiku wa kuamkia kushuka, na hili nalisema kama mtu wa kebini. Mtaambiwa sanduku litolewe nje ya mlango kabla ya usiku wa manane, linachukuliwa na unalikuta nchi kavu. Toeni pembeni nguo ya kesho na viatu kabla hamjafunga zipu. Kila safari alikuwapo bwana mmoja aliyekuja kunigongea saa kumi na moja alfajiri yuko na pajama, suruali zake zote ziko chini kwenye shehena, ananiuliza kama ninaweza kumpatia sanduku lake. Haliwezekani, liko katikati ya maelfu. Nilikuwa nampeleka kwa wenzangu wa dobi kuulizia suruali iliyosahaulika, na mara nyingi iliyopatikana ilikuwa fupi.

Aliyekuwa mhudumu wa kebini,
Kisauni, Mombasa