Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kufunguliwa kwa Kifuniko cha Trekta Letu

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Hesabu za fedha zimeshasomwa na Mshika Fedha, nami sitazirejea. Wajibu wangu leo ni kueleza kwa nini trekta letu, Massey Ferguson 135, halikuburuga hata ploti moja ya bonde la Cheju, hapa Unguja, katika wiki tatu za mwanzo wa msimu.

Aina hii ilianza kuundwa mwaka 1964, mwaka uleule wa Mapinduzi yetu, na injini yake bado ni nzima. Tatizo lilikuwa nyuma: mikono ya haidroliki, yaani inayoendeshwa kwa msukumo wa oili, ilikataa kunyanyua plau, na oili ikawa nyeupe kama tui, dalili ya kuingia maji. Kwa kuwa oili hiyohiyo, zaidi ya lita 30, ndiyo inayolainisha gia na kuendesha haidroliki, ilibidi tufungue kifuniko kikubwa kilichoko chini ya kiti.

Bolti zote zilitoka, lakini kifuniko hakikutikisika. Baadhi yetu, nami nikiwamo, tulitaka mtaimbo. Fundi alikataa, na namshukuru mbele yenu, kwani chuma hicho kimemiminwa kwenye kalibu: hakipindi, hupasuka, na mkwaruzo mmoja tu pale inapokaa gasketi, kizibo chembamba kati ya vyuma viwili, unatosha kuvujisha oili miaka yote. Alituonyesha kofia ndogo upande wa kulia, ambayo bomba lake hushuka mpaka kwenye pampu. Isipotolewa hiyo kwanza, kifuniko hakinyanyuki, na anayelazimisha huvunja. Zikabaki pini mbili za kukiongoza, zilizoshikwa na kutu ya hewa yetu ya chumvi. Tulizitia mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni kwa siku mbili, kisha tukagonga pembeni kwa nyundo ya mbao huku winchi ya mnyororo ikikivuta kifuniko juu polepole, sawasawa pande zote, maana vyuma vinavyoiongoza pampu vinaning'inia chini yake na havifai kupinda. Siku ya tatu kilitoa mlio mkavu, kikaachia.

Maji yalipitia kwenye mpira uliochanika wa mkono wa gia, na mpya umeshafungwa. Kamati inaomba idhini yenu ya kujenga banda la makuti la kuliweka trekta, na oili ikaguliwe kabla ya kila vuli na masika. Wanachama ambao ploti zao zilichelewa tunawaomba radhi, na msimu ujao zitaburugwa mwanzo.