Yah: Malalamiko kuhusu maelezo potofu ya neno "pinchbeck" katika kamusi yenu

Mhariri Mkuu,
Idara ya Kamusi.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfasiri wa kujitegemea, na kamusi yenu ya Kiingereza–Kiswahili niliinunua kwa sababu jalada lake linaahidi kueleza asili ya kila neno. Mwezi uliopita nilipewa orodha ya mali za mirathi niitafsiri, nikakuta mkufu uliotajwa kwa kivumishi "pinchbeck". Kidahizo chenu, yaani neno hilo na maelezo yake kamusini, kinadai kwamba limeundwa kwa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "kufinya" na "mgongo", na kwamba maana yake ni "-embamba, -liobana". Nikaandika "mkufu mwembamba". Wakili aliyenipa kazi aliurudisha ukurasa ukiwa na duara la wino mwekundu, kwani mkufu wenyewe ni mnene kama kamba ya katani, na ulimwachia mjukuu wa marehemu alama ya kijani shingoni.

Neno hilo halina uhusiano wowote na mgongo. Limetokana na Christopher Pinchbeck, fundi saa wa London aliyefariki mwaka 1732, ambaye alichanganya shaba nyingi na zinki kidogo akapata madini yenye rangi ya dhahabu. Na jina la ukoo wake ni jina la kijiji kilichoko Lincolnshire, Uingereza. Madini hayo yalitumika kutengenezea vikasha vya saa na mapambo, na baadaye jina likawa kivumishi cha kitu chochote cha bandia, king'aacho bila thamani. Waigaji hawakukosekana: mwaka 1733 mwanawe Edward alitangaza gazetini kwamba hajamuuzia mtu yeyote hata chembe ya madini hayo. Yaani bandia nayo ilikwisha kupata bandia yake.

Kosa la chapa ningelisamehe. Hapa mtu amekisia, kisha akaandika kana kwamba anajua, na barua pepe zangu mbili zimejibiwa kwa ujumbe uleule wa kunishukuru kwa kuwa mteja wenu.

Kwa hiyo naomba kidahizo hicho kisahihishwe, karatasi ya masahihisho iwekwe katika nakala zilizoko madukani, na nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 21. Nimeambatisha nakala ya ukurasa husika pamoja na stakabadhi ya ununuzi.

Wenu,
Mfasiri, Tanga.