Barua kwa Mbwana: pakiti si kamba moja

Swahiba Mbwana,

Salamu nyingi, na za Mama Fatuma pia, ambaye bado anaulizia sufuria yake. Huku hatujambo, mvua zimeanza. Nimepata picha ya skrini ya mashine ilivyoanguka, uliyotuma pamoja na faili lako la mlinzi.c, ile moduli ya kerneli (kiini cha Linux) ya kuzuia majina ya tovuti kwenye maswali ya DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani. Nimelisoma mara tatu. Naandika mbiombio kwa sababu umesema Jumatatu unalipeleka kwenye seva ya maabara ya shule. Tafadhali, Jumatatu usilipeleke. Soma kwanza hadi mwisho, halafu tupange.

Nianze na lile dogo. Hiyo nf_register_hook uliyoinakili, ya kusajili ndoano (kazi yako inayoitwa kila pakiti inapopita), iliondolewa kwenye Linux 4.13, mwaka 2017, ndiyo maana kompaila ya kwenye seva inalalamika. Siku hizi ni nf_register_net_hook(&init_net, &ops), na kazi yako inapokea vitu vitatu: void *priv, struct sk_buff *skb, na const struct nf_hook_state *state. Inasikitisha kwamba mafunzo mengi ya mtandaoni bado yanafundisha ile ya zamani. Weka pia MODULE_LICENSE("GPL"), la sivyo hata kujenga moduli kutagoma. Na vichwa vya kerneli (faili za .h) viwe vya toleo lilelile linaloonyeshwa na uname -r kwenye seva, si kwenye laptopu yako. "Invalid module format" kwa kawaida maana yake ni hiyo.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Kerneli huibeba kila pakiti, yaani kifurushi cha data ya mtandao, ndani ya muundo uitwao skb. Wewe unaichukulia kama kamba moja: inaanza kwenye skb->data na kuisha skb->len mbele yake. Kitanzi chako kinatembea baiti moja moja mpaka kufika hapo. Kwenye laptopu kimekubali kwa sababu swali la dig, zana ya kuulizia majina ya DNS, ni dogo na limekaa lote pamoja. Lakini skb->len ni urefu wa vyote, pamoja na data iliyolala kwenye kurasa nyingine za memori. Sehemu iliyonyooka, ile unayoruhusiwa kuigusa kwa pointa, ni skb_headlen(skb) peke yake, yaani skb->len ukitoa skb->data_len. Draiva nyingi za kadi za seva huweka vichwa kwenye sehemu iliyonyooka na kuuacha mzigo kwenye kurasa. Ukivuka mpaka huo unasoma memori isiyo yako. Leo utapata takataka, kesho ukurasa wenyewe haupo na mashine inaanguka. Hiyo ndiyo picha uliyonitumia: mstari wa RIP, unaoonyesha amri iliyokuwa ikitekelezwa, umetaja kagua_jina+0x5e/0x140 [mlinzi]. Jenga moduli ikiwa na taarifa za utatuzi, kisha uendeshe scripts/faddr2line mlinzi.ko kagua_jina+0x5e/0x140, itakutajia namba ya mstari. Nina hakika itakuwa ndani ya kitanzi hicho.

Badilisha hivi:

    const struct iphdr *ip = ip_hdr(skb);
    struct udphdr nakala;
    const struct udphdr *udp;
    u8 jina[255];
    u32 mahali, n;

    if (ip->protocol != IPPROTO_UDP)
            return NF_ACCEPT;
    if (ip->frag_off & htons(IP_OFFSET))
            return NF_ACCEPT;
    udp = skb_header_pointer(skb, ip_hdrlen(skb),
                             sizeof(nakala), &nakala);
    if (!udp || udp->dest != htons(53))
            return NF_ACCEPT;

    mahali = ip_hdrlen(skb) + 8 + 12;
    if (skb->len <= mahali)
            return NF_ACCEPT;
    n = min_t(u32, skb->len - mahali, sizeof(jina));
    if (skb_copy_bits(skb, mahali, jina, n))
            return NF_ACCEPT;

Kwenye NF_INET_PRE_ROUTING, kituo cha ndoano kabla pakiti haijapangiwa njia, skb->data inaelekea kichwa cha IP, si cha Ethernet, na kichwa hicho kimeshahakikiwa na kerneli kabla hakijakufikia. Vilivyo mbele yake ni juu yako. skb_header_pointer hukupa pointa ya moja kwa moja kama data imenyooka. Kama haikunyooka inakunakilia kwenye ile nakala. skb_copy_bits inaokota baiti popote zilipo. Zile 8 ni kichwa cha UDP (itifaki inayobeba swali la DNS), 12 ni kichwa cha DNS, na kichwa cha IP kina baiti 20 hadi 60. Usiandike 20 kwa mkono kama ulivyofanya mstari wa 88.

Itazame tena ile if (skb->len <= mahali). Kwako haipo. Mtu akituma datagramu tupu ya UDP kwenda poti 53, skb->len ni 28. Wewe unatoa 40. Kwa namba isiyo na alama, 28 toa 40 si hasi 12; ni 4,294,967,284. Kitanzi chako kinaanza safari ya baiti bilioni nne. Yaani mtoto yeyote wa maabara mwenye mistari miwili ya Python anaweza kuilaza seva, bila hata nia mbaya.

Halafu hiyo strstr. Mbwana, hapo hata mashine isingeanguka, moduli isingezuia kitu. Kwenye waya jina la DNS halina nukta. mfano.co.tz husafiri kama 5 m f a n o 2 c o 2 t z 0, baiti 13, kila lebo ikitanguliwa na urefu wake. Wewe unatafuta "mfano.co.tz" yenye nukta, hutaipata milele. Isitoshe unaanzia kwenye kichwa cha DNS, na swali la kawaida lina bendera 01 00, kwa hiyo strstr inakutana na sifuri kwenye baiti ya nne, kama si kabla, na inadhani maandishi yamekwisha. Tembea kwa lebo: soma urefu, ukiwa sifuri, umefika, ukizidi 63, achana na pakiti hiyo na urudishe NF_ACCEPT, ukizidi baiti zilizobaki ndani ya n, vivyo hivyo. Linganisha kwa herufi ndogo kwa kutumia tolower, kwa sababu resolva nyingine (programu zinazotafuta anwani za majina) huchanganya kubwa na ndogo makusudi ili kujikinga na majibu ya uongo.

Kuhusu vipande, yaani pakiti kubwa iliyokatwa ili ipite: umeweka kipaumbele NF_IP_PRI_FIRST. Hapo uko mbele ya kila mtu, hata mbele ya kuunganishwa kwa vipande, kunakofanyika kwenye −400 pale conntrack, kifuatiliaji cha miunganisho, inapokuwa kazini. Kipande cha pili hakina kichwa cha UDP kabisa; unachokisoma kama namba ya poti ni katikati ya data ya mtu. Tumia NF_IP_PRI_FILTER, ambayo ni 0. Lakini angalia, pakiti iliyounganishwa inakuja na vipande vyake vimening'inia kwenye frag_list, havijanyooshwa. Tumerudi palepale: si kamba moja. Ukikumbuka hilo tu katika barua hii yote, nitafurahi.

Lingine zito ni kulala. Ndoano yako inafanya kazi ndani ya softirq, kazi ya haraka ya kerneli inayofuata katizo; hakuna mchakato wa kuuweka pembeni usubiri. Sasa ndani yake una kmalloc yenye GFP_KERNEL na mutex_lock ya orodha ya majina. Vyote viwili vinaweza kulala, na siku memori ikibana utaona "scheduling while atomic". kmalloc huihitaji tena, jina[255] linakaa kwenye staki bila shida. Orodha isome kwa list_for_each_entry_rcu, yaani kwa RCU, njia ya kusoma bila kufuli. Netfilter, sehemu ya kerneli inayoita ndoano, imeshashika rcu_read_lock kabla ya kukuita. Mutex ibaki upande wa anayeandika kwenye /proc: list_add_rcu anapoongeza, list_del_rcu kisha kfree_rcu anapofuta. Kama bado unataka kihesabu kinacholindwa na spinlock, upande wa /proc tumia spin_lock_bh. Ukitumia spin_lock tupu, softirq ikikatiza kwenye CPU hiyohiyo itasubiri kufuli lililoshikwa na aliyekatizwa, na hakuna atakayeachia.

Ukirudisha NF_DROP usiite kfree_skb mwenyewe. Kerneli ndiyo inayoitupa pakiti. Wewe umefanya yote mawili, na memori inaachiwa mara mbili.

pr_info kwa kila pakiti, toa. Seva ile ina konsoli ya serial ya 115200, ambayo hupitisha takriban herufi 11,520 kwa sekunde. Mstari wa herufi 80 ni mistari 144 tu kwa sekunde, na maabara ikifungua kurasa kwa pamoja mashine itakuwa inaandika badala ya kupitisha. Tumia pr_info_ratelimited, na anwani ichapishe kwa %pI4 ukipitisha pointa, &ip->saddr.

Wakati wa kutoka, ng'oa ndoano kwanza kwa nf_unregister_net_hook, kisha ondoa faili la /proc, kisha synchronize_rcu, ndipo uachie orodha. Wewe umeanza kwa kuachia orodha huku ndoano bado inavua.

Majaribio yote yafanyie kwenye mashine pepe ya QEMU, yenye kerneli iliyojengwa na CONFIG_KASAN, CONFIG_PROVE_LOCKING na CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP. Itakuwa nzito, ivumilie. Makosa karibu yote niliyokutajia itayataja kwa mstari. Ndani yake:

    ip netns add mteja
    ip link add v0 type veth peer name v1 netns mteja
    ip addr add 10.9.0.1/24 dev v0
    ip link set v0 up
    ip -n mteja addr add 10.9.0.2/24 dev v1
    ip -n mteja link set v1 up
    ip netns exec mteja dig @10.9.0.1 mfano.co.tz

Hapa nadhani ndipo mwenzetu Kibwana alipokwama akasema moduli "haioni kitu". Ndoano iliyosajiliwa kwa init_net, yaani netns (mtandao uliotengwa ndani ya mashine) ya msingi, haioni pakiti zinazosafiri ndani ya netns nyingine tu. Akituma kutoka netns moja hadi nyingine moja kwa moja, hazigusi init_net kamwe. Ukitaka kuziona zote, jisajili kwa register_pernet_subsys, lakini kwa shule huhitaji.

Kisha tuma datagramu tatu mbaya kwenda poti 53: tupu, ya baiti 4,000, ambayo kwa MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya 1500 itakatika vipande vitatu, na ya baiti mia zote zikiwa 0xff. Moduli ikizipokea hizo tatu na dmesg, kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli, ikabaki kimya, hapo nitaanza kulala usingizi.

Na siku ya kuipeleka shuleni, kernel.panic_on_oops=1 na kernel.panic=10 kwenye sysctl, ili ikianguka ijiwashe yenyewe baada ya sekunde kumi. Usiiweke kwenye /etc/modules-load.d (orodha ya moduli zinazopakiwa mashine ikiwaka) katika mwezi wake wa kwanza wa kazi. Ipakie kwa mkono, ili mashine ikijiwasha upya iamke bila moduli na watoto waendelee na somo. Hakuna mtu pale wa kuibeba skrini saa nne asubuhi darasa likiwa limejaa.

Mwalimu mkuu umemweleza kwamba hii inaona poti 53 ya UDP tu? Kivinjari kikiuliza majina kupitia HTTPS, poti 443, moduli haitaona jina lolote. Na amekubali, au anadhani tumefunga kila kitu? Kadi ya seva ile ni ya aina gani, nitolee ethtool -i na ethtool -k, nataka kuona kama GRO (kuunganisha pakiti kabla hazijapandishwa) imewashwa. Kerneli ni toleo gani hasa? Secure Boot imewashwa? Maana kama imewashwa moduli itakataliwa hadi uitie saini. Orodha ya majina ni marefu gani, thelathini au elfu tatu? Ikiwa elfu tatu tuhamie kwenye hashtable.h kabla hujaenda mbali. Na Kibwana bado yuko Tanga, au amesharudi? Ningependa asome kagua_jina mpya kabla yangu, ana jicho la mipaka kuliko mimi.

Nijibu kabla ya Jumapili jioni, hata kwa mstari mmoja, kwamba hukuipeleka.

Wako,
Athumani