Kabla Hujafika Makala ya Kumi, Chora Jedwali

Mwanafunzi wa uzamili anayefika ofisini kwetu huja na kompyuta iliyojaa makala za PDF, nyingi zimepakwa rangi ya njano, na ombi moja: "Nisaidieni kutoa takwimu humu." Tunamsaidia, ila kwanza tunamwomba azifunge hizo PDF atusomee swali lake la utafiti. Jedwali la kukusanyia takwimu hutokana na swali. Ukiazima la rafiki aliyeandika kuhusu kisukari ukalijaza habari za malaria, visanduku vingi vitabaki vitupu, na jambo unalolitafuta litakosa pa kukaa.

Chukua vyandarua vyenye dawa. Miaka ya 1990 yalifanyika majaribio makubwa barani Afrika kupima kama vinapunguza vifo vya watoto. Kilifi, vifo vilipungua kwa asilimia 33. Gambia, asilimia 25. Kaskazini mwa Ghana, asilimia 17. Jedwali lenye safu za nchi, mwaka na asilimia peke yake litakufanya uandike kwamba Kilifi walifanikiwa kuliko wote, kisha msimamizi akuulize kwa nini, ukwame.

Majibu yamo ndani ya makala zenyewe. Kilifi walihesabu watoto wa kati ya mwezi 1 na miezi 59, Ghana wa miezi 6 hadi miaka 4, Gambia wa miaka 1 hadi 9. Tena Gambia watu wengi walikuwa na vyandarua tayari; kilichoongezwa ni dawa. Burkina Faso nao walitundika mapazia yenye dawa, wala si vyandarua. Hapo unaona safu tatu zilizokosekana: umri wa watoto, kifaa kilichotumika, na kundi la ulinganisho, yaani watoto wasiopewa kifaa hicho, lilikuwa likitumia nini. Hiyo ya mwisho ndiyo wateja wetu huisahau kuliko zote, na ndiyo yenye uzito. Mapitio ya mwaka 2004 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima matokeo ya tafiti nyingi za afya, yalitenganisha makundi hayo: vifo vya watoto vilipungua kwa asilimia 17 pale kundi la ulinganisho lilipokuwa halina chandarua kabisa, na asilimia 23 pale lilipokuwa na kisicho na dawa. Ukivichanganya hivyo viwili, wastani utakaoupata hautamweleza mtu chochote.

Safu zikishapatikana, tunajaribu jedwali kwa makala tatu au nne zinazotofautiana. Daima kuna kitu kitakachogoma kuingia. Ukiongeza safu baada ya hapo, rudi kwenye makala ulizokwisha kuzisoma uijaze. Usidanganyike kwamba utakumbuka.

Kila takwimu tunaiandikia ukurasa au namba ya jedwali ilikotoka. Tunaiandika kama mwandishi alivyoiandika, na hesabu za kuibadilisha zinakaa safu ya pembeni. Pasipo na taarifa tunaandika "haikutajwa". Kisanduku kitupu kinaweza kumaanisha haikutajwa, au umesahau kuitafuta, na miezi sita baadaye hutajua ni lipi. Sifuri nayo ni jibu kamili: waliangalia, hawakukuta.

Kwa mambo yanayojirudia, kama aina ya utafiti, tunaweka orodha ya kuchagua ndani ya Excel, ili leo usiandike "jaribio nasibu" na kesho "majaribio ya nasibu", halafu kuchuja kukushinde.

Tukijaza sisi, watu wawili wanasoma kila makala bila kuonana, kisha tunalinganisha. Wakitofautiana, wanarudi kwenye makala pamoja. Wakishindwa kuafikiana, wa tatu anaamua, na tofauti hiyo tunakuonyesha. Kazi hii inachukua muda, na bei yetu inafuata idadi ya makala na safu. Uchambuzi na sura ya majadiliano unaandika mwenyewe, hizo hatuziuzi.

Ukija, njoo na swali lako la utafiti limeandikwa kwa sentensi moja, pamoja na makala tatu: unayoielewa vizuri, inayokusumbua, na moja ya zamani. Kikao cha kwanza kinatosha kuchora safu.