Barua kwa Rafiki: Kabla Hujagusa Kabureta

Rafiki yangu mpendwa,

Nakusalimu, nikitumaini kwamba wewe na jamaa zako mu wazima. Barua yako imenifikia, na nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu maelezo yako kuhusu injini ya ndege uliyoiunda kwa mikono yako ni mazuri kuliko uamuzi ulioufikia. Unasema kwamba Rotax 912 ULS yako huwaka bila taabu na hutulia vyema kwenye mwendo wa silensa, yaani ikizunguka polepole bila kupewa nguvu, lakini unapopaa kwa nguvu kamili na kuanza kupanda, baada ya muda mfupi huanza kukohoa, mizunguko hushuka, na mara unapopunguza nguvu hutengemaa tena. Kutokana na hayo umekusudia kuzifungua kabureta zote mbili za Bing ili uweke jeti kubwa zaidi, yaani vile vijitundu vinavyopima mafuta yanayoingia kwenye injini. Nakuomba usifanye hivyo kwanza, na nakuomba zaidi usiirushe ndege hiyo mpaka chanzo kijulikane.

Tundu la jeti linaweza kuzibwa na uchafu, lakini halijipunguzi lenyewe, na jeti ulizonazo ni zilezile zilizokuwamo injini ilipokuwa ikifanya kazi bila lawama. Isitoshe, ikiwa mafuta hayafiki kwa kiasi cha kutosha kwenye bakuli la kabureta, yaani kihifadhi chake kidogo cha mafuta, jeti kubwa itayamaliza yaliyomo mapema zaidi, nawe utabaki na tatizo lilelile pamoja na injini iliyoharibiwa mizani yake. Dalili unazozieleza, yaani utulivu kwenye nguvu ndogo na njaa kwenye nguvu kubwa, zinanielekeza kwenye njia ya mafuta kuliko kwenye kabureta zenyewe.

Kwa bahati njema, una kabureta mbili, na kila moja hulisha upande wake: ya kulia silinda namba 1 na 3, ya kushoto namba 2 na 4. Iendeshe injini chini kwa nguvu kamili, ndege ikiwa imefungwa imara na hakuna mtu mbele ya rafadha, kisha izime bila kuiacha izunguke polepole kwa muda, uzitoe plagi na kuzipanga kwa namba zake. Ikiwa za upande mmoja ni nyeupe, dalili ya mafuta kutotosha, na za upande wa pili zina rangi ya kahawia hafifu, hapo nitakubali kwamba kabureta ya upande ule mweupe ina hatia. Lakini ikiwa zote nane ni nyeupe, kasoro iko mahali ambapo pande zote mbili zinachangia, nako ni tangi, chujio, pampu na mabomba. Ukiwa hapohapo, pima pia mifumo miwili ya cheche mmoja baada ya mwingine kwenye mizunguko 4000 kwa dakika. Mizunguko isishuke zaidi ya 300 unapozima mmoja. Mafundi wengi wamefungua kabureta kwa kosa la plagi.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji chombo cha thamani. Injini hiyo hutumia takriban lita 27 kwa saa wakati wa kupaa, na kanuni ya siku nyingi ya wajenzi wa ndege ni kwamba njia yenye pampu ipitishe angalau asilimia 125 ya kiasi hicho, na ile inayotegemea mteremko peke yake ipitishe asilimia 150. Kwako wewe mwenye pampu, hiyo ni karibu lita 34 kwa saa, au zaidi kidogo ya nusu lita kila dakika. Inua pua ya ndege hadi ifikie au ipite kidogo pembe kali kabisa unayopandia, acha mafuta machache tu ndani ya tangi, fungua mabomba mahali yanapoingia kwenye kabureta, washa pampu ya umeme, na uyakinge mafuta ndani ya chombo chenye vipimo huku ukitazama saa. Fanya kazi hiyo nje, mbali na cheche yoyote, ndege na chombo vikiwa vimeunganishwa kwa waya, na kizimamoto kiwe karibu.

Usiridhike na dakika ya kwanza. Mtiririko unaoanza kwa nguvu na kufifia polepole huashiria tundu la hewa la tangi lililoziba. Legeza kifuniko, na ukiona mafuta yanachangamka tena, umempata mhalifu. Mtiririko ulio dhaifu tangu mwanzo hukupeleka kwenye chujio, na kwa tangi ulilolijenga mwenyewe nashuku sana vumbi la nyuzi za kioo au vipande vya gundi, ambavyo hujikusanya kwenye wavu wa kutokea tangini wakati chujio unachokiona kwa macho kinang'aa. Mtiririko ukiwa mzuri kila mara mafuta yakiwa baridi, basi fikiria mvuke: bomba lililopita karibu na ekzosi bila kukingwa huchemsha petroli ya magari upesi kuliko ile ya ndege.

Kuna swali moja ambalo barua yako haikulijibu. Je, injini hukohoa hata chini, ikiwa kwenye nguvu kamili kwa dakika mbili tatu na pua imeinuliwa? Ikiwa hukohoa angani tu, tazama mirija midogo ya mpira inayopitisha hewa kwenye mabakuli, kwa maana lazima ipokee mgandamizo uleule wa hewa inayoingia kwenye kabureta; mrija uliochomoka na kupigwa na upepo wa mbele huvuruga mchanganyiko, na chini huoni lolote.

Barafu siipi uzito mkubwa katika kisa chako, kwa kuwa huipenda zaidi injini iliyopunguzwa nguvu katika hewa yenye unyevu, ingawa kabureta inaweza kuganda hata siku isiyo na baridi. Maboya nayo, yanayoelea ndani ya mabakuli na kudhibiti kiasi cha mafuta, yapime ukishayafungua mabakuli, mawili ya kila kabureta yasizidi gramu 7 kwa pamoja, lakini boya lililokunywa mafuta huzidisha mafuta badala ya kuyapunguza. Utando wa mpira wa kabureta uliochanika ungekuonyesha mtetemo na upande mmoja uliolegea.

Ukilazimika kuzichomoa nyaya za kabureta, kumbuka kwamba springi zake huzivuta hadi nguvu kamili. Usiwashe injini kabla ya kuzirudisha na kuhakikisha mkono wa nguvu unashuka mpaka chini.

Niandikie rangi za plagi zote nane kwa namba za silinda, kiasi cha mafuta kwa dakika ya kwanza na ya tano, na shinikizo la petroli unalolisoma kwenye nguvu kamili. Hadi hapo, jeti hizo mpya zibaki ndani ya pakiti yake.

Wasalaam,
Rafiki yako