Kabla hamjashua boti ya hazina, ulizeni leseni

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulichapisha barua ya kijana mmoja wa Kilifi akiwashauri vijana wenzake wachange pesa, waunde boti, wakasake dhahabu ya merikebu zilizozama pwani yetu. Sina ugomvi naye. Ila katika hesabu yake ameandika boti, mafuta na mitungi ya hewa, kisha akasema vingine vitajulikana huko huko baharini. Mimi ni fundi wa vyombo hapa Matondoni, Lamu, nimeshika tezo ya kuchongea mbao tangu nina miaka kumi na minne, na boti ya namna hiyo nishaiunda. Hivyo "vingine" ndivyo vilivyotuzamisha, na chombo chenyewe hakikuzama hata siku moja.

Ilikuwa mwaka 2011, kusi imeshika kweli kweli. Walinijia watu watatu, mwenyeji mmoja na wageni wawili. Walikuwa wamenunua mashua ya mita 12 iliyokaa muda mrefu ufuoni bila kazi, wakataka niigeuze iwe boti ya wazamiaji. Mwenyeji wao akafungua kompyuta akanionyesha ramani yenye alama nyekundu. "Hapa, fundi, pana Mreno," yaani merikebu ya Wareno iliyozama. Nikamuuliza nani kawapa ruhusa ya kumgusa huyo Mreno. Akanijibu karatasi ziko Nairobi, zinangoja sahihi tu. Nikatosheka na jibu hilo. Mke wangu hakutosheka, lakini siku hizo nilikuwa na mdomo mkubwa kuliko masikio.

Mashua ya mizigo imeumbwa ibebe uzito tumboni, mawe au boriti. Boti ya wazamiaji ni kinyume chake, mzigo wote uko juu: kompresa ya hewa, jenereta, winchi, na watu wanaokimbilia ubavu mmoja kila mwenzao akiibuka. Nikang'oa mlingoti, nikaongeza mataruma sita, yaani mbavu za chombo, nikapiga sitaha kuanzia katikati mpaka tezi, huko nyuma, kisha nikashindilia farumi ya mawe, uzito wa kukituliza chombo, juu ya mkuku, ule uti wa mgongo wa chini, ili isilale ubavu. Mbao zilikuwa zimekauka kwa jua hata mwanga ulipita, kwa hiyo kukalafati, yaani kuziba nyufa, peke yake kulikula siku tisa, pamba na mafuta, ufa kwa ufa, vijana wanne na nyundo zao. Tulipopaka deheni mmoja wa wageni akaziba pua, akauliza kwa nini tusitumie rangi ya dukani. Nikamwambia chokaa na shahamu zimefika Bombay kabla ya duka lake. Hakucheka.

Halafu nanga, ambayo kijana wa Kilifi hakuitaja kabisa. Boti ya uvuvi hutia nanga moja, ikazunguka na maji yanavyotaka. Boti yenye mtu chini haifai kuzunguka, maana mpira wake wa hewa utajisokota kwenye minyororo. Inataka nanga nne, mbili omo, yaani mbele, na mbili tezi, na kila amari, kamba ya nanga, iwe na urefu wa mara nne au tano ya kina. Mahali pa pima kumi (pima ni urefu wa mikono miwili ya mtu iliyonyooshwa), hiyo ni pima hamsini kwa nanga moja, pima mia mbili kwa zote. Na aulize bei ya kamba nzuri kabla hajaanza kupanga matumizi ya dhahabu.

Sasa kitu ambacho hakuna aliyetuambia. Kompresa tuliifunga tezini, jirani na jenereta, kama wageni walivyochora. Siku ya majaribio mlangoni mwa bahari tukatia nanga zote nne, mpwa wangu akashuka pima nne tu. Boti ya nanga moja hugeuka ikafuata upepo, moshi ukaenda zake. Ile yetu ilikuwa imefungwa pembe nne kama mbuzi wa kuchinjwa. Upepo ukahama kidogo, moshi wa jenereta ukarudi sitahani, na kompresa ikauvuta na kumpelekea mtoto chini. Alipoibuka alishindwa kushika ngazi. Tulimvuta kwa kwapa, akatapika, kichwa kikamuuma hadi asubuhi, na tungechelewa dakika chache sijui ningemwambia nini dada yangu. Kesho yake nilifunga bomba la plastiki la kunyonya hewa, likapanda juu kupita kichwa cha mtu, upande unakotoka upepo, na nikaweka kijana mmoja asiye na kazi nyingine ila kuutazama moshi.

Tulishua bamvua ya mwezi mpevu. Ubani ulifukizwa, Fatiha ikasomwa, mbuzi akachinjwa, magogo ya mikoko yakapakwa shahamu na kijiji kikavuta kamba. Maji yalipofika kifuani chombo kikanyanyuka chenyewe, chepesi, na nakiri nililia kidogo. Nusu ya ujira wangu ilikuwa imebaki, wakaniahidi "tukishashua". Mkalafati na mseremala wenzangu nisomeni hapa: chombo kikishaelea, fundi hana tena cha kukamata.

Mengine hayana urefu. Niliwaambia wangoje kaskazi, maji yatulie na macho yaone; hawakungoja. Walitoka mara kumi na moja, wakazamia kwenye maji ya rangi ya chai, wakaleta mnyororo wa juzi juzi na chuma cha injini. Maofisa walipokuja kuuliza leseni, ile sahihi ya Nairobi haikuonekana. Wageni waliondoka kwa ndege, mota ikachukuliwa na aliyewakopesha, boti ikabaki kwenye mikoko inaota chaza.

Sisemi chini ya bahari yetu hamna kitu. Mbele ya Fort Jesus, Mombasa, kuna Mreno wa kweli, Santo António de Tanná, aliyezama mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira ngome. Kati ya 1977 na 1980 wataalamu wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walimchimba kwa mpango, msimu baada ya msimu, wakipima kila ubao. Waliyoyatoa mengi ni vyungu, kaure, vifaa vya mabaharia na silaha. Kiunzi chenyewe walikifunika mchanga, wakakiacha palepale, kwa kuwa mbao iliyolala majini karne tatu ukiitoa juani bila dawa hupasuka na kubomoka mbele ya macho yako. Mimi ni mtu wa mbao, hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Nilikwenda kuvitazama vitu hivyo ngomeni, nikasimama kwenye michoro ya mkuku mpaka mlinzi akanifuata. Na kule kijiji kiitwacho Ngomeni, kaskazini ya Malindi, merikebu ya zamani imeonyesha pembe za ndovu na vipande vya shaba.

Na hata wakubwa wa kazi hii hujidanganya. Mwaka 2015 wazamiaji wa Kimarekani walitoa kipande cha kilo 50 kwenye maji ya kisiwa cha Sainte-Marie, Bukini (Madagaska), wakakikabidhi kwa rais wa nchi kuwa ni madini ya fedha ya haramia Kidd. Wataalamu wa UNESCO walipokipima, asilimia 95 ilikuwa madini ya risasi, na fedha hamna hata chembe. Wakasema ni farumi. Yaani kile nilichokishindilia mimi kwa mawe ya bure kutoka ufuoni, wao walikipigia picha na rais.

Hoja yangu, Mhariri, ni moja. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 hairuhusu mtu kutafuta mambo ya kale kwa kuchimba bila leseni, na hiyo haibagui nchi kavu na bahari. Lakini leseni yenyewe ina sura gani? Mimi niliyekatwa mkono na tezo mara saba kwa kazi hii sijawahi kuiona. Naomba Makumbusho yabandike nakala yake kwenye vituo vya wavuvi kuanzia Kiunga hadi Vanga, pamoja na namba ya kupiga kuuliza kama iliyoletwa ni ya kweli. Kituo cha wavuvi ndipo boti hizi huanzia. Hakuna mtu wa hazina anayeweza kwenda popote bila fundi, nahodha na wazamiaji wa hapa, na sisi tukijua karatasi ya kudai, safari nyingi zitaishia mchangani kabla ubao wa kwanza haujakatwa.

Na kijana wa Kilifi akitaka kuja Matondoni, karibu. Boti ile bado iko kwenye mikoko, mataruma yangu sita hayajaoza, nitampa bei nzuri. Nanga zilinirudia mbili tu kati ya nne, niko nazo uani kwangu, mke wangu anaanikia nguo kwenye kamba zake. Wenyewe wakizihitaji, waje na ule ujira wangu uliobaki.

Fundi wa vyombo,
Matondoni, Lamu